Mangi, genge au supamaketi: kweli au uzushi?

Kikapu changu cha sokoni hutoka nyumbani kikiwa na daftari, kalamu na chupa ya maji ya lita 1 ambayo haijafunguliwa. Daftari ni la kuandikia bei. Kazi ya chupa utaiona mbele kidogo.

Chakula cha nyumbani kwangu hapa Dar es Salaam nakinunua kwa kuzunguka: genge lililo nje ya geti, duka la Mangi (ndivyo tunavyomwita muuza duka wa mtaani) pale kwenye kona, sokoni Tandale mwisho wa mwezi, na supamaketi iliyo njiani kutoka kazini. Kote huko nakutana na hadithi zilezile, na bila shaka na wewe umezisikia, pengine umeshamsimulia jirani. Baadhi ni za kweli kabisa; wazee walizijua kabla mizani ya umeme haijafika mtaani kwetu. Nyingine zinakutoa pesa mfukoni kila wiki. Tuzipime.

"Supamaketi ni ghali, gengeni ni rahisi"

Si kweli kwa kila kitu. Ni kweli kwa mboga na matunda. Kwa vitu vya kiwandani, mara nyingi ni kinyume chake.

Mama wa genge anaamka alfajiri, anachukua nyanya sokoni, anazipanga juu ya meza ya mbao. Hana jokofu, hana kiyoyozi, hana mhasibu wa kumlipa. Supamaketi inavyo vyote hivyo, na gharama zake zimo ndani ya bei ya nyanya. Wapo wanaosema tofauti hiyo ya bei ni kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ya asilimia 18. Hapana. Mazao ambayo hayajasindikwa yamesamehewa VAT, kwa hiyo nyanya mbichi haitozwi kodi hiyo hata ikilala kwenye rafu yenye taa.

Sasa geukia sabuni, dawa ya meno, tambi, nyanya ya kopo na majani ya chai. Supamaketi kubwa inanunua kwa katoni nyingi, tena karibu na kiwanda. Mangi ananunua kwa muuzaji wa jumla, ambaye naye alinunua kwa wakala, na kila mkono uliopokea umeongeza chochote. Daftari langu linaonyesha hivyo mwezi hadi mwezi: mboga naokoa gengeni, sabuni naokoa supamaketi.

Lakini kuna mtego gengeni, nao unaitwa fungu. Angalia fungu la nyanya lilivyopangwa: chini nne, juu moja, na ile ya juu ndiyo kubwa na nyekundu kuliko zote. Msimu wa nyanya nyingi fungu la shilingi 1,000 linaweza kuwa na nyanya 7. Zikiadimika fungu linabaki 1,000, ila nyanya zimekuwa 4, tena ndogo. Bei haijapanda hata senti, na wewe unarudi nyumbani ukishangaa mboga haitoshi. Ukitaka kulinganisha genge na supamaketi kwa haki, peleka fungu lako kwenye mzani mara moja tu, gawa bei kwa uzito, upate bei ya kilo. Bila hivyo unalinganisha fungu na kilo, na vitu hivyo viwili havilingani.

"Mzani wa Mangi umechezewa, wa supamaketi hauna shida"

Haijathibitika mpaka umepima. Huwezi kujua kwa kuangalia sura ya duka.

Hapa ndipo chupa yangu inapoingia kazini. Lita 1 ya maji ina uzito wa karibu kilo 1 kamili, na chupa ya plastiki yenyewe inaongeza gramu chache. Chupa iliyojaa, isiyofunguliwa, ikiwekwa kwenye mzani isome kilo 1 na kidogo. Ikisoma kilo 1 na gramu 100, mzani unazidisha, na kila kilo ya mchele unayouziwa pale ina upungufu wa karibu gramu 70. Naomba kwa adabu, "Mangi, niwekee hii hapo mara moja," na wengi wanacheka na kukubali. Nimeshakuta mzani wa duka la mtaani ukisoma sawasawa kabisa. Nimeshakuta pia mzani wa supamaketi yenye milango ya vioo na wahudumu wa sare ukizidisha, na sikurudi tena.

Kitu kingine cha kutazama ni stika ya Wakala wa Vipimo. Mizani ya biashara inatakiwa kuhakikiwa kila mwaka, na ule uliohakikiwa hubandikwa alama. Tafuta mwaka ulioandikwa. Stika ya miaka mitatu nyuma haisemi chochote kuhusu mzani wa leo.

Jambo hili naliona zito kuliko mengine yote ya sokoni. Kurani ina sura nzima, Al-Mutaffifin, yenye jina la wanaopunja vipimo, na Mithali katika Biblia inakemea mizani ya udanganyifu. Wazee wa dini zote mbili walijua kwamba anayepunja gramu 70 kwa kila kilo anamla maskini kuliko tajiri, kwa sababu maskini ndiye anayenunua kila siku.

Wala anayepunjwa si mnunuzi peke yake. Gunia la lumbesa, lile lililoshonewa kilemba juu, linapita kilo 100 zinazoruhusiwa kisheria, na mkulima wa viazi analipwa kwa gunia moja. Kilo zote za kilemba amezitoa bure. Kenya nako kanuni za viazi za mwaka 2019 zimeweka mfuko usizidi kilo 50, kwa sababu hiyohiyo. Kwa hiyo ukiona mtu anajisifu sokoni kwamba amepata lumbesa kwa bei nzuri, ujue kuna mkulima huko Njombe aliyelipia furaha hiyo.

"Kununua kidogo kidogo kunabana matumizi"

Si kweli kwa hesabu ya kilo. Kuna kweli yake kwa hesabu ya maisha, na nitaitetea.

Tuseme kilo ya sukari ni shilingi 3,000 na robo ni 800. Robo nne zinakuwa 3,200. Nyumba inayomaliza robo kwa siku inatumia kilo 7 na nusu kwa mwezi, na imelipa shilingi 1,500 zaidi kwa kitu kilekile. Ongeza mafuta ya kupima, unga, sabuni ya kipande na majani ya chai ya pakiti ndogo. Ukijumlisha vyote, mwaka mzima huwa umelipa pesa nyingi kwa kufunguliwa pakiti.

Sasa upande wa pili. Anayelipwa kwa siku hana shilingi 30,000 za kuweka kwenye dumu la mafuta. Ana 5,000 za leo, na ndani yake mna nauli ya kesho. Anachonunua kwa Mangi si robo ya mafuta peke yake, ananunua pia nafasi ya kubaki na chenji mkononi mtoto akiamka na homa. Tena kuna vitu ambavyo kidogo kidogo ndiyo akili: nyanya, mchicha, dagaa kipindi cha mvua, maziwa kwa nyumba isiyo na jokofu. Kilichooza ni hasara hata kama ulikipata kwa bei ya jumla. Sukari haiozi, chumvi haiozi, sabuni haiozi. Anza na hivyo.

Mtaani kwetu akina mama wamepata njia ya katikati. Watano wanachanga, mmoja anakwenda Tandale kununua gunia la mchele, wanarudi kuligawa kwa mzani sebuleni kwa mmoja wao. Nimeshuhudia mgawo huo. Kila mtu na ndoo yake, mtoto wa darasa la 6 anaandika, na zile punje zinazobaki chini ya gunia zinagawanywa kwa kikombe cha chai ili asiwepo wa kunung'unika.

"Ukitaka rahisi, nenda Kariakoo"

Kweli ukinunua kwa wingi. Si kweli ukienda kwa ajili ya kilo 2.

Soko lile kubwa, lililochorwa na msanifu wetu Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, limejenga sifa yake kwa haki, na hata moto wa Julai 2021 haukuifuta. Ila nauli nayo ni bei. Tuseme kwenda na kurudi ni shilingi 1,500 na unaokoa 200 kwa kila kilo. Mpaka ufike kilo 8 ndipo unaanza kupata faida, na hapo sijahesabu saa 3 za foleni na jua. Pia Kariakoo si jibu la kila kitu: kwa nafaka Tandale, kwa ndizi Mabibo, kwa samaki Feri. Wenyeji wa jiji wanalijua hilo tangu zamani.

"Cha sokoni ndicho freshi"

Kweli asubuhi. Kufikia saa 10 jioni, si lazima.

Mchicha uliochumwa alfajiri na kuuzwa saa 2 unaupita ule wa kwenye jokofu la vioo, ambao huenda umetoka soko lilelile siku mbili nyuma. Uliza swali moja, "Hii imeingia lini?", kisha vunja shina. Likilia na kutoa maji, beba. Likipinda bila kuvunjika, lilichumwa jana.

Ila freshi si sawa na salama. Utafiti wa mwaka 1999 kuhusu mboga zilizolimwa kandokando ya mito ya Sinza na Msimbazi, humu humu Dar, ulikuta madini mazito, risasi ikiwemo, ndani ya majani. Madini yaliyoingia kwenye jani kupitia mizizi hayatoki kwa kuosha. Kwa hiyo swali la pili ni "Imelimwa wapi?", na muuzaji anayejua mboga yake hujibu bila kusita.

Kwenye samaki mambo yanageuka. Kibua au jodari aliyekaa juani tangu asubuhi hutengeneza sumu iitwayo histamini, nayo haiondoki hata ukimkaanga akauke. Samaki aliyegandishwa mapema baada ya kuvuliwa ni bora kuliko huyo, hata kama yuko supamaketi na ana barafu mdomoni.

"Samaki mtazame jicho na mashavu, yai litie majini"

Kweli tupu. Hapa bibi zetu hawana wa kuwapinga.

Jicho la samaki mzuri ni angavu na limetuna, mashavu ndani ni mekundu, na ukibonyeza nyama inarudi. Yai nalo lina matundu madogo mno kwenye ganda. Kadiri siku zinavyopita unyevu unatoka, hewa inaingia, na chumba cha hewa upande butu kinakua. Yai jipya linalala chini kabisa ya bakuli. La siku nyingi linasimama wima. Linaloelea ni la zamani; lipasue kwenye kikombe cha peke yake kabla ya kulimwaga na mengine.

"Kiini cha njano sana ni yai la kienyeji"

Uzushi, na unauziwa kwa bei ya juu.

Rangi ya kiini inatokana na chakula cha kuku. Mahindi ya njano na majani mabichi yanaleta rangi, na mfugaji wa kuku 500 wa kisasa anaweza kuwalisha hayohayo. Rangi ya ganda nayo inatokana na aina ya kuku. Ukitaka yai la kienyeji, mjue mfugaji. Trei ya dukani yenye karatasi iliyoandikwa "kienyeji" ni ahadi tu.

Mchele una hadithi yake ya namna hii: kwamba ukinukia ni wa Kyela. Si lazima. Mbegu ya Saro 5, iliyoboreshwa mkoani Morogoro, inanukia kiasi na inalimwa mikoa mingi. Mchele wa Kyela ni mzuri na unastahili jina lake, ndiyo maana wengine wanalivaa.

"Mchele wa plastiki umejaa madukani"

Uzushi mtupu.

Umeiona ile video: mtu anaviringisha wali, anaupiga chini, unadunda. Wanga uliopikwa unanata na una mnyumbuko. Uviringishe wali wako wa kesho, nao utadunda. Umeona pia wanaouchoma moto. Wanga wowote unaungua. Plastiki ingekuwa kwenye sufuria isingenyonya maji wala kuumuka, ingelainika ikashikana chini. Desemba 2016 Nigeria ilikamata magunia 102 yaliyodaiwa kuwa ya mchele wa plastiki. Vipimo vya maabara vilionyesha ni mchele wa kawaida, tatizo lake likiwa bakteria kupita kiwango. Ubaya ulikuwepo, ila si ule uliotangazwa. Watu waliutazama mchele kwa jicho la plastiki wakasahau kuuliza ulihifadhiwa wapi.

"Kilichofungwa kwenye pakiti ni salama kuliko cha kupima"

Si kweli peke yake. Pakiti inazuia vumbi na mikono. Haizuii kilichoingia kabla ya kufungwa.

Novemba 2019 Shirika la Viwango la Kenya liliondoa sokoni aina 5 za unga wa mahindi, zenye pakiti nzuri na majina makubwa, kwa kuzidi kiwango cha sumukuvu. Mwaka huohuo uchunguzi wa televisheni ya NTV ulionyesha nyama katika baadhi ya supamaketi za Nairobi ikipakwa kemikali ili ibaki nyekundu. Sumukuvu haina rangi, haina harufu, na kupika kwa kawaida hakuimalizi. Inatokana na ukungu wa mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu.

Na hapa ile kazi ya ungo, ambayo vijana wengi wanaiona ya kizamani, inaonyesha thamani yake. Bibi aliyekaa barazani akitoa punje zilizovunjika, zilizooza na zenye rangi ya ajabu alikuwa anapunguza sumukuvu kwa kiasi kikubwa, kwa sababu sumu hukusanyika kwenye punje chache mbovu. Mimi sasa nanunua mahindi, nayachambua mwenyewe, napeleka mashine. Unga wa pakiti nanunua pia, baada ya kutafuta alama ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS) na tarehe, na pakiti yenye kona iliyolowa au iliyogandamana naiacha hata ikiwa na ofa.

Ofa zenyewe ni jambo la kutazama haraka: geuza pakiti, soma tarehe, gawa bei kwa gramu. "Nunua 2 upate 1" ya kitu kinachoisha muda wiki ijayo ni nzuri kwa nyumba ya watu 8 tu.

"Pesa ya gengeni inabaki mtaani"

Kweli, kwa sehemu kubwa.

Mama wa genge analipa taslimu alfajiri, na faida yake inalipia mahitaji ya mtoto anayesoma shule ya kata iliyo hapa hapa na kodi ya chumba nyumba ya tatu. Supamaketi kubwa huchukua bidhaa leo na kulipa baada ya wiki au miezi. Zikiyumba, anayeumia ni aliyezipelekea mzigo. Kampuni ya supamaketi ya Uchumi ilifunga maduka yake Tanzania na Uganda mwaka 2015. Nakumatt, supamaketi nyingine iliyochukua maduka ya Shoprite hapa Tanzania mwaka 2014, ilianguka ikaacha wauzaji wakidai mabilioni ya shilingi za Kenya, na mwaka 2020 wadai wake walipiga kura ivunjwe. Mfanyabiashara mdogo wa mtindi au asali hana kifua cha kubeba deni kama hilo.

Haki inanitaka niseme na upande wa pili. Supamaketi inayoajiri kwa mkataba, kulipia michango ya hifadhi ya jamii na kutoa risiti kila mara inafanya kitu ambacho maduka mengi ya mtaani hayafanyi. Binti anayesimama dukani saa 14 bila siku ya mapumziko naye ni sehemu ya bei ya sukari yako. Nikijua Mangi anamlipaje msaidizi wake, najua zaidi kuhusu duka lile kuliko bango lolote linavyoweza kuniambia.

"Mkopo wa dukani ni bure"

Inategemea duka, na unaweza kupima.

Kukopa harusi, kulipa matanga, walisema wahenga, na kwa aliyekopa bila kuandika ni kweli. Mali bila daftari hupotea bila habari, na deni bila daftari huongezeka bila habari. Duka moja nililokuwa nakopa zamani lilikuwa linaniandikia sukari kwa bei iliyozidi ya taslimu kwa shilingi 200. Niligundua siku nilipotuma mtoto na pesa mkononi. Nililipa deni lote, nikahama.

Kwa Mangi wa sasa nina daftari langu na yeye ana lake. Ijumaa ya wiki iliyopita aliniandikia kilo 2 za mchele. Kabla sijaondoka aliingia kijana na noti, akapimiwa mchele uleule. Nilisimama kidogo pembeni, nikasikiliza bei aliyotajiwa, nikafungua daftari langu. Bei ilikuwa ileile.